Nuru Iingiayo Pasipo Hodi

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa picha ya kamera limetokana na maneno mawili ya Kiyunani, na maana yake ni kuandika kwa nuru. Sisi kwa Kiswahili twasema "kupiga picha", na kwa kusema hivyo twafikiri zaidi juu ya chombo na mkono wa fundi kuliko juu ya nuru yenyewe. Pengine ndiyo sababu tukionyeshwa picha twauliza mambo mawili tu: Ni nani huyu? Tena, je, ametoka vizuri? Na kwa "kutoka vizuri" twataka kusema kwamba macho yaonekana, vifungo vya nguo vyahesabika, wala hapana mahali palipofichwa na giza. Picha yenye kivuli twairudisha kwa fundi na kumwambia ameiharibu.

Kipimo hicho chafaa kwa picha ya cheti cha safari, lakini hakitoshi kuipima kazi ya mpiga picha hodari. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba swali la kwanza mbele ya picha si nuru ni nyingi kiasi gani, bali imeingiaje mahali pale. Je, ilipiga hodi ikakaribishwa, au ilivunja mlango? Kwa kulijibu swali hili tumechagua wapiga picha watano, watatu wa mji wa New York katika Marekani, na wawili wa Bamako, mji mkuu wa nchi ya Mali. Kazi zao zajulikana sana, tena zalinganishika vema.

Kwanza tukumbuke mambo machache ambayo kila mtu ayajua kwa macho yake, ijapokuwa hakuyapa majina. Jua la saa sita likimpiga mtu utosini, macho yake hugeuka mashimo mawili, na pua hutupa kivuli mdomoni. Jua la jioni lijapo kwa upande, kila kunjo la uso na kila uzi wa nguo huonekana. Siku ya mawingu nuru hushuka kutoka mbingu nzima, ikaupaka uso sawasawa kama mafuta. Nuru ikiwa nyuma ya mtu, twaliona umbo lake wala hatumwoni uso. Na taa ikishikwa chini ya kidevu, hata mama mpole huwa kama zimwi. Watoto walijua sana jambo hili, ndiyo maana hutishana usiku kwa kurunzi. Katika hali zote hizo mtu ni yule yule. Nuru ndiyo iliyogeuka, na maana ikageuka pamoja nayo.

Basi tuanze na Jacob Riis. Alizaliwa Denmark mwaka 1849, akahamia Marekani mwaka 1870, akaonja ufukara hata akalala katika nyumba za polisi walimolazwa watu wasio na makao. Baadaye akawa mwandishi wa habari za polisi mjini New York, na kazi yake ikampeleka usiku katika mitaa ambako wahamiaji walisongamana katika nyumba za kupanga zisizo na hewa wala madirisha ya kutosha. Aliandika habari zao mara nyingi, lakini wenye mali hawakustuka. Ndipo mwaka 1887 aliposoma habari ya uvumbuzi wa Wajerumani: unga wa magnesiamu uliochanganywa na dawa nyingine, ambao ukiwashwa hulipuka kwa nuru nyeupe kali kwa muda wa kufumba na kufumbua, kamera ikaweza kuona gizani. Riis na wenzake wakauchukua unga huo mitaani usiku. Mwanzo waliulipua kwa bastola. Baadaye wakautia katika kikaango. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mara mbili aliitia moto nyumba aliyoingia kupiga picha.

Iko picha yake ya mwaka 1889 ya wapangaji wa mtaa wa Bayard, waliolipa senti tano kwa mahali pa kulala. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1890 alieleza kwamba chumba kile hakikutimia futi 13 kila upande, na watu 12, waume kwa wake, walilala humo. Twaona vitanda vya mbao, mizigo iliyorundikwa, viatu, vyombo, na watu waliolala wakisongana. Mmoja ameinua kichwa, na usingizi haujamtoka machoni. Vitu vilivyo karibu na kamera vimepigwa na nuru hata vikawa vyeupe, na nyuma yake kila kitu kimeanguka katika weusi kama wa pango.

Nuru hii haikupiga hodi. Tusimdhulumu Riis: picha zake ziliwaamsha wakubwa waliokuwa wamelala usingizi mzito kuliko wapangaji wale. Theodore Roosevelt alipokuwa mkuu wa halmashauri ya polisi, zile nyumba za polisi za kulaza maskini zilifungwa mwaka 1896. Na mahali palipoitwa Mulberry Bend, palipokuwa pamejaa nyumba mbovu, palibomolewa pakafanywa bustani iliyofunguliwa mwaka 1897. Hayo ni matunda mema. Walakini mhakiki hapimi matunda peke yake. Hutazama pia jinsi mtu alivyotendewa ndani ya picha. Mtu aliyestushwa usingizini kwa mlipuko huonekana kama mwenye hatia, hata kama hana kosa lolote. Nuru ya Riis yatuonyesha dhiki ya watu wale, wala haituonyeshi watu wenyewe. Wamekuwa ushahidi katika kesi ambayo hawakuulizwa kama wataka kuifungua.

Je, kosa ni la unga wa magnesiamu? La, hasha. Lewis Hine aliutumia unga ule ule, tena kwa kusudi linalofanana. Huyu alikuwa mwalimu wa shule mjini New York kabla hajashika kamera, nasi twadhani ualimu wake waonekana katika kazi yake. Tangu mwaka 1904 alikwenda katika kisiwa cha Ellis, waliposhukia wahamiaji kutoka Ulaya. Makundi yalikuwa yakipita kwa haraka, wala yeye hakujua lugha zao. Akawasimamisha watu kwa ishara za mkono, akapanga kamera, akawangoja wajiweke sawa, akina mama wakawakusanya watoto wao. Ndipo alipowasha unga. Hiyo ndiyo hodi ya mtu asiyejua lugha ya mwenye nyumba. Kwa hiyo nyuso katika picha zile zimechoka, lakini hazikustushwa. Zatutazama kama watu wanaotutazama.

Tangu mwaka 1908 Hine alifanya kazi na chama kilichopigania watoto wasitumikishwe viwandani. Wenye viwanda hawakumtaka, na mara nyingine aliingia kwa kujifanya mwuza Biblia au mkaguzi. Msomaji aweza kusema: Huyu naye aliingia pasipo hodi! Ni kweli, lakini aliwadanganya wenye milango, hakuwavamia watoto. Tazama picha yake ya mwaka 1908 katika kiwanda cha pamba cha Lancaster, jimbo la South Carolina. Hapo hapana mlipuko. Nuru ni ya madirisha ya kiwanda, nayo inatambaa juu ya mashine ndefu kutoka mbele ya picha hata mwisho wa chumba. Kando ya mashine amesimama mtoto wa kike, ambaye Hine aliandika kwamba kimo chake ni inchi 48. Nuru imeigawa heshima yote kwa mashine. Kila chuma chang'aa. Mtoto ni mdogo katika bahari ya nuru isiyo yake. Hakuna neno la kumlaani mtu, wala chozi, lakini tukitazama twaelewa ni nani anayemtumikia nani. Mwaka 1909 Hine alihutubia watu wa huduma za jamii akatwaa lile neno la kwanza la uumbaji, nuru ilipoamriwa iwepo, akalifanya kuwa wito wa kazi yao. Sheria ya nchi nzima ya kuwazuia watoto na kazi za namna ile, iliyopata kudumu, ilipitishwa mwaka 1938. Hine akafariki mwaka 1940.

Sasa tuje kwa Roy DeCarava, ambaye kazi yake yatufundisha kuliko zote, maana inakwenda kinyume cha desturi yetu. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mtaa wa Harlem, New York, mwaka 1919, akasomea uchoraji kabla ya kushika kamera. Mwaka 1952 alipata ruzuku ya Guggenheim, naye ndiye mpiga picha mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 1955 alitoa kitabu pamoja na mtunga mashairi Langston Hughes juu ya maisha ya Harlem. Hakupenda kuwaletea watu nuru ya kigeni. Aliipokea nuru aliyoikuta, ikiwa ni balbu dhaifu, dirisha dogo au taa ya njiani, akaridhika nayo.

Mwaka 1953 alipiga picha ya ukumbi mwembamba wa nyumba ya kupanga. Mtu hayumo. Kuta mbili zasogeleana hata zakaribia kugusana, na taa moja iliyofifia yamulika kipande cha ukuta na dari. Sehemu iliyobaki ni kivuli kilichozidi kuwa kizito. DeCarava alisema kwamba kumbi za namna hiyo ndizo alizozijua tangu utoto wake. Hebu tufikiri: mji ni ule ule wa Riis, nyumba ni za namna ile ile za maskini, na miaka iliyopita kati ya picha mbili hizi ni 64. Kama Riis angaliingia katika ukumbi ule, angaliulipua unga wake, nasi tungaliona rangi iliyobanduka na uchafu wa pembeni, tukasema, "Ole wao wakaao humu!" DeCarava hakuulipua unga. Alituonyesha ukumbi kama auonavyo mpangaji arudipo kazini usiku, akipapasa ukuta mpaka mlangoni pake. Una huzuni, na karibu twauogopa. Lakini ni njia ya kwenda nyumbani. Nuru hii haikuwa na haja ya kupiga hodi, maana ni nuru ya mwenyeji.

Katika chumba cha kusafishia picha pia alishikilia njia hiyo hiyo. Hakuwafanya watu weusi kuwa weupe ili waonekane haraka. Alichapa kwa rangi nzito, weusi juu ya weusi, na katikati yake rangi za majivu za namna nyingi sana. Mtazamaji mwenye haraka aweza kudhani picha imeungua. Akingoja kidogo, macho yake huzoea kama yazoeavyo chumbani usiku, na uso hutokea polepole. Katika picha yake ya mwaka 1963, ya msichana mmoja kati ya wale waliokwenda Washington kudai haki zao, mchana ni mweupe kila mahali, lakini uso wake umeachwa katika uzito wake wa kweli, wala haukulainishwa kumpendeza mtu. Utulivu wake watoka katika kivuli kile kile ambacho fundi mwingine angalikifuta.

Hapa twajua kwamba wasomaji wengine watauliza neno. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tumefundishwa kwamba nuru ni mfano wa wema na giza ni mfano wa uovu, nasi hatuukani mfano huo mahali pake. Lakini mfano ukihamishwa kutoka mimbarini ukapelekwa katika chumba cha picha, waweza kutupoteza. Kwa kuwa tukianza kusema giza ni baya, karibu tutasema uso wenye giza ni mbaya, nalo ni neno lisilotoka kwa Mungu aliyeuumba. Tena tusisahau kwamba Musa alipopanda mlimani alimkaribia Bwana katika giza nene, watu wakiwa wamesimama mbali. Katika picha giza si kinyume cha kweli. Mara nyingine giza ni pazia la nyumba ya mtu, nasi tungeona haya kulifunua.

Kutoka Harlem twavuka bahari mpaka Bamako, tuone kama yale yale yaonekana kwa watu wetu wa Afrika ya Magharibi. Seydou Keïta alizaliwa huko yapata mwaka 1921, akajifunza useremala, na mwaka 1935 mjomba wake akamletea kamera ndogo kutoka Senegal. Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwake, wakati nchi ilipokuwa ikiitwa Sudani ya Wafaransa. Watu walimjia kwa hiari, wamevaa nguo zao bora, wengine wakiazima saa au miwani kwake. Mara nyingi aliwapiga picha uani kwa nuru ya mchana, nyuma yao pamewambwa kitambaa chenye maua; na kwa kuwa vioo vya kamera yake kubwa vilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga mara moja tu.

Nuru hii ya uani yafaa itazamwe kwa makini. Haitoki mahali pamoja, bali yatoka mbinguni, yagonga ardhi na kuta, yarudi chini ya kidevu na ndani ya macho. Juu ya ngozi nyeusi haileti mng'ao mkali wala mashimo. Yapita shavuni na kuacha mstari mwembamba wa fedha unaoonyesha umbo. Iko picha ya mwaka 1959 ya kijana mwenye suti nyeupe na miwani, ameshika ua moja. Suti ni nyeupe sana, naye ni mweusi sana, lakini hakuna kilichompoteza mwenzake: kunjo za nguo zaonekana, na vidole vilivyoshika ua vyaonekana. Kuvipima vitu viwili hivyo katika picha moja ni kazi ngumu ya fundi. Hodi hapa imepigwa na mwenye picha mwenyewe. Keïta ni mwenyeji aliyejibu, "Karibu," akampa mgeni kiti na nuru.

Wako wasemao kwamba upole huo ni udanganyifu, kwa kuwa katika miaka ile ya utawala wa kigeni watu walikuwa na taabu, na picha hazisemi taabu. Nasi twajibu kwamba watu wale hawakuja kwa Keïta kutoa ushahidi wa shida zao kwa wageni. Walikuja kujiwekea kumbukumbu nyumbani mwao. Neno lililo na uzito zaidi ni jingine. Picha zile zilipotoka Bamako zilikuwa ndogo, za kushikwa mkononi. Tangu miaka ya 1990 zimechapwa upya huko Ulaya na Marekani kwa ukubwa wa kujaza ukuta, na mara nyingi weupe umezidishwa kuwa mweupe na weusi kuwa mweusi. Zapendeza, lakini ule upole wa uani umepungua. Basi tukumbuke kwamba nuru ya picha hufanywa mara mbili, kwanza mbele ya kamera, kisha katika kuchapa; na katika mara ya pili mwenye uso hayupo kuulizwa.

Mwenzake Keïta, aliyekuwa mdogo kwa umri, ni Malick Sidibé, aliyefariki mwaka 2016. Alifungua studio yake mtaa wa Bagadadji mwaka 1962, nchi ilipokwisha kupata uhuru mwaka 1960. Tumemweka mwisho kwa sababu anatuzuia tusiseme kwamba nuru ya mlipuko ni ya uadui sikuzote. Vijana wa Bamako walikuwa na vyama vyao vya kucheza dansi, nao walimwita Sidibé usiku pamoja na taa yake ya kumulika. Katika picha yake ya Krismasi ya mwaka 1963, kijana na msichana wanacheza uani, vichwa vimeinama na kukaribiana, kila mmoja akitazama miguu. Taa imewapiga kwa mbele kama ile ya Riis, na usiku umeanguka nyuma yao kama ule wa mtaa wa Bayard. Lakini moyo wa picha ni mwingine kabisa. Hapa nuru ni mgeni aliyealikwa, naye anashangilia pamoja na watu. Alfajiri Sidibé alisafisha picha, kisha akazibandika studioni, vijana wakaja kujitazama na kuchagua watakazo. Mwenye uso akawa pia mwamuzi wa nuru iliyomwangukia.

Kwa hiyo chombo hakiamui maana. Riis, Hine na Sidibé wote walitumia mmweko wa ghafula, na mmoja alistusha, mmoja alisubiri, mmoja alisherehekea. Lakini haifuati kwamba vyombo havina upande. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kadi zenye uso wa mwanamke mweupe, na uso huo ukawa kipimo cha wanadamu wote. Mtoto mweusi akikaa karibu na mweupe katika picha moja, mweupe alitoka na sura, na mweusi akabaki macho na meno. Makosa hayo yalirekebishwa polepole katika miaka ya baadaye ya karne ya ishirini. Na leo simu nyingi zina namna ya kuung'arisha uso kwa kugusa kidole, na vijana wengi huitumia pasipo kufikiri. Haitupasi kuwacheka. Yatupasa kuwaonyesha picha ya DeCarava na ya Keïta, na kuwauliza ni nani aliyewaambia kwamba uso wao wahitaji kusamehewa na nuru.

Sisi walimu twalo jambo moja tuwezalo kulifanya bila gharama. Kila mwisho wa mwaka huwapanga wanafunzi wetu kwa picha ya shule, mara nyingi juani saa sita, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kwa kuwa twadhani pale ndipo penye nuru nzuri. Matokeo yake twayajua: ukuta umetoka vizuri kuliko watoto. Tuwapange uvulini, chini ya mwembe au upande wa jengo usiopigwa na jua, na ukuta mweupe usiwe nyuma yao. Mpiga picha asipime nuru kwa shati la mwalimu mkuu. Aipime kwa uso wa yule mtoto aliye mweusi kuliko wote, asimame alipo, mpaka macho yake yaonekane.